Saa ya Zege: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kushika na Kukomaa

Barua tulizochagua kujibu katika safu hii zote zinahusu wakati: zege linaloshika kabla halijafika mahali pake, zege linalogoma kushika, na maboksi, yaani mbao zinazolishikilia zege, yanayotolewa kabla ya siku zake. Tumezifupisha kidogo bila kugusa hoja za walioziandika.

Zege lililobadilika mchana

*Mhandisi, mimi ni msimamizi wa ujenzi wa jengo la ghorofa mbili. Tulipomwaga slabu, toroli za asubuhi zilikwenda vizuri, lakini ilipofika saa sita mchana zege likawa zito, halitandaziki, na vibarua wakaanza kuongeza maji kwenye toroli. Vipimo vya mchanganyiko vilikuwa vilevile tangu asubuhi. Kwa nini zege lilibadilika, na je, maji yale yameniharibia slabu?*

Vipimo havikubadilika, ila joto la vitu mlivyovichanganya lilibadilika, na kwa zege joto ndilo linaloamua mwendo wa saa. Bado wapo mafundi wanaoamini kwamba zege hushika kwa kukauka, kama udongo wa kukandikia ukuta, na imani hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengi yaliyomo katika barua za leo. Saruji inapokutana na maji huanza mmenyuko wa kikemia, unaotoa joto na kujenga fuwele ndogo mno zinazosukana na kushikamana na mchanga, kokoto na nondo. Ndiyo maana zege huweza kushika na kukomaa hata likiwa chini ya maji. Saa huanza kuhesabu maji yanapogusa saruji, hata kama ni unyevu tu uliomo katika mchanga, wala haisubiri zege lifike kwenye boksi.

Mmenyuko huo ungekuwa wa ghafla mno laiti si jasi. Mojawapo ya madini makuu ya saruji, lile lenye alumini, huitikia maji kwa kasi kubwa, kiasi kwamba lingegandisha mchanganyiko katika dakika chache. Kwa hiyo kiwandani klinka, yaani vidonge vilivyochomwa tanurini vinavyosagwa kuwa saruji, husagwa pamoja na jasi kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 5, ambayo huizuia kasi hiyo na kumpa fundi muda wa kuchanganya, kubeba, kumwaga na kushindilia. Muda huo hupimwa maabara kwa sindano inayobeba jina la mhandisi Mfaransa Louis Vicat (1786–1861): sindano yenye ncha ya milimita moja ya mraba na uzito wa gramu 300 huachiwa izame katika rojo la saruji, na saruji huhesabiwa kuwa imeanza kushika pale sindano inaposhindwa kufika karibu na chini. Kiwango cha Ulaya cha EN 197-1 kinataka saruji ya daraja la 32.5 isianze kushika kabla ya dakika 75, ya 42.5 kabla ya dakika 60, na ya 52.5 kabla ya dakika 45. Hivyo ni viwango vya chini tu, na saruji nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Lakini kumbuka kwamba kipimo hufanywa katika chumba chenye nyuzijoto 20, si kando ya rundo la kokoto lililopigwa na jua tangu asubuhi.

Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wengi, kila joto la zege linapopanda kwa nyuzi 5 au 6, muda wa kushika hupungua kwa takriban theluthi moja. Zege ambalo lingeshika kwa saa 6 likiwa na nyuzi 20 litashika kwa takriban saa 4 likiwa na nyuzi 26, na kwa chini ya saa 3 likifika nyuzi 32. Tena zege huanza kuwa zito mapema kuliko hapo, kwa sababu kokoto kavu hunyonya maji ya mchanganyiko na mengine hupotea hewani, hivyo vibarua wako waliona ulaini ukipotea wakati kushika kwenyewe kulikuwa bado njiani.

Sasa tuje kwenye maji yaliyoongezwa, ambayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Lita 5 za ziada katika kila mita moja ya ujazo wa zege hupunguza nguvu yake kwa takriban megapaskali 1.5 (megapaskali ni kipimo cha mkandamizo ambao zege huuhimili kabla ya kuvunjika). Mtu akisikia lita 5 huona si kitu, lakini afanye hesabu kwa kipimo cha toroli: toroli ikibeba lita 60 za zege, kopo moja la lita moja ni sawa na lita 16 hadi 17 kwa mita ya ujazo, yaani upungufu wa takriban megapaskali 5, na hiyo ni sehemu ya tano ya nguvu ya zege la daraja la 25, yaani linalotarajiwa kuhimili megapaskali 25. Nusu ndoo ya lita 20 ikimiminwa katika toroli hiyohiyo ni sawa na zaidi ya lita 160 kwa mita ya ujazo, wakati zege zuri kwa jumla lina maji kama lita 180 tu. Hapo huna tena zege uliloliandikia vipimo. Isitoshe, maji hayarudishi saa nyuma. Fuwele zilizokwisha kuanza kusukana huvunjwa kwa beleshi, na nafasi ya maji ya ziada hubaki kuwa vitundu, ambamo unyevu na hewa hupita hadi kwenye nondo.

Kuhusu slabu yako, usikisie. Andika sehemu zilizomwagwa kuanzia saa sita, umwagilie slabu yote ipasavyo, uache mirunda, yaani nguzo za muda zinazoishikilia slabu, mahali pake, na zege likishatimiza siku 28 mwombe mhandisi wa jengo apime sehemu hizo kwa nyundo ya kupimia ugumu na, ikibidi, akate sampuli za silinda zikavunjwe maabara. Sehemu za asubuhi zitakupa cha kulinganishia.

Kwa slabu ijayo, anza alfajiri, au umwage jioni. Weka kokoto kivulini au uzinyunyizie maji mapema, ili uvukizi uzipooze na zisiwe na kiu zinapoingia kwenye mashine, na maji yaliyobaki juu yake uyapunguze kwenye hesabu ya maji ya mchanganyiko. Ili kushusha joto la zege kwa nyuzi 1, inatosha kupooza maji kwa nyuzi 4 hivi, au kokoto na mchanga kwa nyuzi 2 hivi, ilhali saruji ingehitaji kupoozwa kwa nyuzi 8 au 9. Kwa hiyo tangi jeusi lililoachwa juani ni adui mkubwa kuliko mifuko ya saruji yenye joto. Barafu ikitumika hupimwa kwa uzito na kuhesabiwa kama maji, na lazima iwe imeyeyuka yote kabla zege halijatoka kwenye mashine. Ikiwa zege bado linapita nyuzi 35 linapomwagwa, afadhali kazi isimame. Zipo pia kemikali za kuchelewesha kushika, ambazo ni msaada wa kweli zikitumiwa kwa kipimo cha mtengenezaji baada ya jaribio, na zipo kemikali za kulainisha zege bila kuongeza maji, ambazo pengine ndizo ulizozihitaji zaidi siku ile. Hata hivyo, uzoefu wa kazi unaonyesha kwamba chanzo cha kwanza cha zege kuchelewa kufika ni mpangilio: mashine iliyo mbali, njia nyembamba ya toroli, au mshindiliaji mmoja kwa watu kumi wanaomwaga. Hayo hayaponywi na kemikali yoyote.

Mashine imeharibika katikati ya slabu

*Fundi mkuu anauliza: Mashine ya kuchanganyia iliharibika tukiwa nusu ya slabu, tukakaa zaidi ya saa tatu. Mashine ilipopona tukaendelea kumwaga palepale tulipoachia. Sasa chini kuna mstari unaoonekana, na mvua ikinyesha unavuja. Tulipaswa kufanya nini?*

Fundi, mstari huo ni mahali ambapo zege jipya liliegemea zege lililokwisha kushika bila kuungana nalo. Kosa si kusimama, kwa maana mashine huharibika. Kosa ni kuendelea kana kwamba hamkusimama.

Kipimo cha kuamua ni chepesi na mnacho kazini. Chukua vaibreta, yaani mashine ya kushindilia zege kwa mtetemo, ikiwa inafanya kazi, uisimamishe kwenye ukingo wa zege la zamani, na usiisukume. Ikizama yenyewe kwa uzito wake, na ukiitoa polepole tundu likajifunga, zege bado li hai, nanyi mnaweza kumwaga jipya na kuzishindilia tabaka zote mbili pamoja. Ikigoma kuzama, au ikiacha tundu wazi, dirisha limefungwa na hamna budi kulifanya hapo kuwa kiungo rasmi.

Kiungo rasmi huwa na mahali pake. Kwa slabu na boriti za kawaida hukatwa katika theluthi ya kati ya upana kati ya nguzo na nguzo, ambako nguvu za kukata ni ndogo, na hukatwa wima kwa kuzuiwa na ubao wenye nafasi za kupitishia nondo, si kuachwa kama mteremko unaoishia bure. Siku inayofuata ondoa utando mweupe wa saruji uliopanda juu, kwaruza mpaka uso wa kokoto uonekane, safisha vumbi, na uloweshe zege la zamani hadi lishibe lakini pasiwe na maji yaliyotuama. Ndipo umwage jipya na kulishindilia vizuri kwenye kiungo. Nakushauri kila unapopanga kumwaga slabu, ubao huo wa kuzuia uwe tayari umekatwa na umewekwa kando, kwa sababu hakuna anayetengeneza ubao mzuri huku zege likimshikia mkononi. Kwa slabu iliyopo, mhandisi aangalie kwanza mstari umeangukia wapi. Kuziba uvujaji ni jambo la pili.

Liliganda ndani ya dakika chache

*Zege letu liligeuka kuwa gumu mashineni kabla ya dakika kumi kwisha, nasi tukalimwaga nje tukidhani saruji ni mbovu. Je, tulifanya sawa?*

Inategemea kama lilikuwa na joto. Kuna hali mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni kushika kwa uongo: wakati wa kusaga, joto la kinu likizidi, jasi hupoteza sehemu ya maji yake, na inapokutana na maji ya mchanganyiko huganda yenyewe kwa haraka na kulifanya zege lionekane limeshika. Zege la namna hii halipati joto la kutajika, na dawa yake ni kuliacha kidogo kisha kulichanganya tena bila kuongeza hata tone la maji. Hulainika na kushika baadaye kwa wakati wake wa kawaida. Ya pili ni kushika kwa ghafla kwa kweli, ambako jasi haikutosha kuzuia yale madini yenye alumini. Hapo mchanganyiko hupata joto linalohisika ukigusa pipa la mashine, na kuchanganya tena hakusaidii. Hilo ndilo la kumwaga, na mifuko ya shehena hiyo iwekwe kando na kurudishwa kwa muuzaji pamoja na maelezo na namba zilizo kwenye mifuko.

Siku ya pili, bado kidole kinazama

*Tulimwaga msingi jana saa nne asubuhi. Leo mchana bado kidole kinaingia. Fundi anasema tuubomoe. Tungoje au tubomoe?*

Ngojeni, lakini mkiwa mnachunguza. Zege lililochelewa si lazima liwe zege bovu. Likiwekwa na unyevu wake na likashika baada ya siku moja au mbili, mara nyingi hufikia nguvu yake, na pengine kuipita kidogo. Kinacholiua ni kuachwa likauke juu kabla halijashika, au kukanyagwa, au kutikiswa kwa kupigapiga mbao za boksi ili kujaribu.

Chanzo kitafutwe kwanza kwenye kemikali, ikiwa ilitumika, kwa kuwa kipimo kikizidi mara mbili muda unaweza kuongezeka kwa saa nyingi. Cha pili ni sukari, na hapa naomba wasomaji wote wasikie. Sukari ya kiasi cha asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, ambayo kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 25 tu, huchelewesha kushika kwa takriban saa 4. Ikifika kati ya asilimia 0.2 na 1, yaani gramu 100 hadi 500 kwa mfuko, zege laweza kukosa kushika kabisa. Pipa lililokuwa na molasi au soda lisilooshwa vizuri latosha kuleta hasara hiyo, na ndoo ya chai ya vibarua isitumike kamwe kuchotea maji ya kuchanganyia. Cha tatu ni mchanga wenye mboji au mabaki ya mimea. Maabara hupima hilo kwa kuloweka mchanga katika myeyusho wa sodiamu haidroksaidi wa asilimia 3 kwa saa 24 na kutazama rangi: maji yakiwa meusi kuliko rangi ya kulinganishia, mchanga huo una mashaka. Pasipo maabara, changanya saruji ileile na mchanga unaoutilia shaka, na pembeni saruji hiyo na mchanga uliooshwa vizuri, uone kama moja itachelewa.

Baridi nayo ina sehemu yake, kwa kuwa chini ya nyuzi 5 mmenyuko huenda polepole mno, na zege likiganda barafu kabla ya kufikia takriban megapaskali 3.5 huharibika moja kwa moja. Saruji zilizochanganywa na pozolana (kama majivu ya volkano), majivu ya makaa au slagi (mabaki ya kuyeyushia chuma) hushika taratibu kwa asili yake, wala huo si ubovu. Saruji iliyokaa stoo ikapata unyevu hadi kuwa na mabonge nayo huchelewa, lakini tofauti na hizo nyingine, nguvu iliyopotea ndani ya mfuko hairudi.

Funikeni msingi kwa nailoni, msiruhusu mtu kuukanyaga, na mkague kila baada ya saa kadhaa. Kama baada ya siku tatu bado kidole kinazama, basi fundi wako atakuwa na haki, na kuondoa kitu laini ni rahisi kuliko kuvunja kitu kigumu nusu.

Mwenye jengo anataka mirunda itoke

*Slabu ina siku tano. Mwenye jengo anataka mirunda ikatumike kwingine, naye anasema zege limeshika kwa sababu ukiligonga linalia. Mimi ni kibarua mkuu tu. Nimwambieje?*

Mwambie kwa heshima kwamba kushika na kubeba mzigo ni mambo mawili. Zege hushika kwa saa chache, kisha hukomaa kwa siku na wiki. La saruji ya kawaida likiwa na siku 7 na likiwa limemwagiliwa, huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, na zege la siku moja hulia likigongwa ingawa haliwezi kubeba hata uzito wake lenyewe kati ya nguzo mbili zilizo mbali.

Historia ya fani yetu imelipia somo hili kwa maisha ya watu. Tarehe 2 Machi 1973, katika eneo la Bailey's Crossroads, Virginia, Marekani, mirunda iliyokuwa chini ya ghorofa ya juu iliondolewa zege likiwa bado changa, slabu ikaanguka na kushuka nazo ghorofa zote za chini yake, na wafanyakazi 14 wakafa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, jukwaa la kazi lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wa mnara wa kupoozea uliomwagwa siku iliyotangulia. Zege hilo halikuwa na nguvu ya kutosha, likaachia, na wanaume 51 wakaanguka na kufa. Katika matukio yote mawili zege lilikuwa limeshika.

Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, iliyotumika kwa miaka mingi katika nchi nyingi, ilitoa mwongozo huu kwa saruji ya kawaida pale joto la uso wa zege lisiposhuka chini ya nyuzi 16: mbao za wima za nguzo na kuta, saa 12, mbao za chini ya slabu, siku 4 mirunda ikiwa imebaki, mirunda ya slabu, siku 10, na mirunda ya boriti, siku 14. Saruji zilizochanganywa na pozolana au slagi, na hali ya hewa ya baridi, huhitaji muda zaidi. Kwa hiyo mbao zako za slabu zinaweza kutoka ikiwa zilifungwa kwa namna isiyogusa mirunda, lakini mirunda yenyewe ikae, na ruhusa ya kuitoa itoke kwa mhandisi kwa maandishi. Si sawa kibarua kubebeshwa uamuzi huo, na akilazimishwa, ana haki ya kukataa kuingia chini ya slabu.

Sakafu inayotoa vumbi

*Sakafu yangu ilisuguliwa ikang'aa siku ileile, lakini baada ya miezi miwili inabanduka magamba na kutoa vumbi. Je, saruji ilikuwa kidogo?*

Huenda saruji ilitosha na kilichokosewa ni saa ya kusugua. Zege likishasawazishwa, kokoto hushuka kidogo na maji hupanda juu. Fundi anayesugua wakati maji hayo yanang'aa juu huyarudisha ndani ya tabaka la juu, au huyafungia chini yake. La kwanza huleta vumbi na la pili huleta magamba. Kunyunyiza saruji kavu ili kunyonya maji hayo, jambo linalofanywa sana, huzidisha tatizo kwa sababu hutengeneza ganda gumu juu ya tabaka dhaifu.

Fundi angoje mng'ao wa maji upotee wenyewe, kisha akanyage kwa kiatu. Alama ikizama kina cha milimita 5 au 6 hivi, ndio wakati wa kuanza kwa kibao. Mwiko wa chuma hufuata baadaye, alama ya kiatu inapokuwa haionekani kwa urahisi. Tahadhari moja: penye upepo na jua kali maji yanaweza kuvukizwa haraka kuliko yanavyopanda, uso ukaonekana uko tayari wakati chini bado ni laini, na nyufa nyembamba zikajichora kabla zege halijashika. Zuia upepo kwa maturubai na funika kwa nailoni kati ya hatua na hatua. Mwiko ukimaliza tu, na uso ukiwa hauharibiki kwa kuguswa, kumwagilia au kufunika kuanze na kuendelee siku 7 bila kukatika, na siku 10 hadi 14 kwa saruji iliyochanganywa.

Kupima bila maabara

*Naomba njia ya kujua muda wa kushika wa zege langu mwenyewe, mahali nilipo, bila kununua vifaa vya gharama.*

Njia ipo, nayo inafuata kanuni ileile ya kiwango cha Marekani cha ASTM C403, kinachosema zege limeanza kushika pale chokaa chake, yaani zege lililochujwa kokoto, kinapokinza kwa megapaskali 3.5. Chuja zege lako kwa chekecheke ya matundu ya milimita 5 hivi, ujaze ndoo ndogo kwa kina cha sentimita 15, uipigepige ubavuni ili hewa itoke, na uiweke kivulini karibu na kazi. Weka ndoo juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu na usome namba iliyopo. Kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 10 kilichokatwa ncha bapa, ukichore alama ya sentimita 2.5, na ukisukume wima polepole kwa sekunde kama 10 hadi alama ifike. Eneo la ncha hiyo ni takriban milimita za mraba 78, kwa hiyo mizani ikipanda kwa takriban kilo 28 kabla alama haijazama, zege limeanza kushika. Nondo yenye mistari huvutana na chokaa pembeni, hivyo chuma laini cha mviringo ni bora zaidi.

Rudia kila nusu saa, kila mara mahali papya, ukifyonza kwanza maji yaliyopanda juu. Andika kwenye daftari saa maji yalipoingia kwenye saruji, joto la zege, aina ya saruji na matokeo. Fanya hivyo siku moja ya baridi na siku moja ya joto kabla ya kazi kubwa, kisha upange idadi ya watu na umbali wa mashine kwa kufuata ile siku iliyoshika mapema.